Mkaguzi wa Paa ni Mvua

Fundi wa paa anapenda kiangazi. Mbao zimekauka, jua linawaka, na hakuna mvua ya kumuumbua. Wetu alibadilisha bati mwezi wa Januari, akakabidhi Februari, na baba watoto akammalizia chake chote siku hiyohiyo, na soda juu. Nilipouliza kama si vizuri tubakize kidogo, nikajibiwa kwamba yule ni kijana wa nyumbani, wazazi wake wanafahamika, tusimwaibishe.

Bati zenyewe hazikuwa na neno. Tulikubaliana geji 28, na geji 28 ndiyo iliyoshushwa hapa Goba; nilisoma maandishi kwa macho yangu, maana namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na wapo wanaokutajia 28 wakakuletea 32. Kwa hiyo duka halikutuibia. Balaa lilipanda ngazi pamoja na nyundo.

Machi ilikwenda kwa manyunyu. Masika yenyewe ilishuka Aprili, usiku wa manane, mama mkwe akiwa kwetu kwa matibabu ya macho. Nikamsikia anaita: "Mwanangu, humu ndani kuna mtu ananirushia maji." Kuwasha taa, gipsamu imevimba katikati, rangi yake ya chai ya rangi, na pembeni kipande kinaning'inia. Tukasogeza kitanda, baada ya muda tone nalo likafungua tawi jipya juu ya mto. Ndoo ikaja, beseni likaja, mwisho ikaja sufuria yangu ya pilau.

Asubuhi nikapiga simu. "Shikamoo mama! Niko njiani, niko hapa Mbezi Mwisho nasubiri gari." Nyuma yake jogoo akawika. Labda naye alikuwa anasubiri gari la Morogoro. Baadaye shangazi yake akafariki, kisha msaidizi akaumwa tumbo, kisha ngazi ikawa imeazimwa na jirani. Alipotokea, jua lilikuwa limetoka. Akapanda na silikoni, akashuka anafuta mikono: "Hapo mama, hata ije gharika ya Nuhu." Gharika ya Nuhu haikuja, ilikuja mvua ya kawaida ya jioni, na sufuria ikarudi kazini. Akapanda tena, safari hii na lami. Aliposhuka akaomba hela ya marekebisho. Baba watoto akakohoa, akatoka kwenda kuangalia kuku.

Ndipo nikatafuta mzee mmoja wa Tegeta. Akatazama juu, akauliza swali ambalo kila fundi humuuliza mteja wa fundi mwenzake: "Nani aliwafanyia hivi?" Kisha akaniita nipande. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda.

Msumari wa bati hupigwa mgongoni, ili maji yakipita bondeni yasiukute. Yetu ilipigwa bondeni, kwa sababu pale bati limelala juu ya mbao na mpigaji hahitaji kutuliza mkono. Mingi haikuwa na mpira. Ule uliokosea mbao uling'olewa, tundu likaachwa wazi. Na kwenye vale, pale miteremko miwili ya paa inapokutana, bati la chini lilikuwa limelazwa juu ya la juu yake: maji yanateremka, yanaingia chini ya bati, yanaelekea moja kwa moja kitandani kwa bibi. Mahali kama hapo silikoni haizibi kitu. Vale ilibidi ifumuliwe yote.

Serikali ikijengewa barabara hailipi fedha zote siku ya kukabidhiwa. Hubakiza sehemu mpaka kipindi cha matazamio kiishe, na kasoro ikijitokeza humo mkandarasi hurudi kuitengeneza kwa gharama yake. Huyo ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ana daraja lake, ana ofisi na muhuri, na bado haaminiwi mpaka kazi yake ipigwe na mvua. Kijana wa nyumbani, asiye hata na ngazi yake mwenyewe, tunamlipa chote Februari.

Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika: nusu sasa, nusu vuli ikishanyesha. Baba watoto akanong'ona kwamba ni aibu kumwekea masharti mtu mzima. Mama mkwe alimsikia. "Aibu," akasema, "ni mimi kulala na sufuria." Mzee akacheka, akatia sahihi.

Mvua ya kwanza ya vuli ilipiga usiku kucha. Asubuhi sikumpigia mtu simu. Kabla chai haijachemka mzee alikuwa getini, ngazi begani, anaulizia kama kuna tone lolote lililopita. Hakuna aliyemwita. Nusu ya hela yake ilikuwa bado iko juu ya paa.