Kantangaze Awashukuru Wanaoanza

Uani kwa wapangaji wa Mbagala, Dar es Salaam, mche wa nyanya umekauka ndani ya kiroba. Kantangaze, nondo mdogo wa nyanya, kaondoka juu yake, katua kwenye ukingo wa Ndoo ya Rangi iliyotoboka kitako.

KANTANGAZE: Shikamoo bibi. Nimepita kutoa shukrani. Asili yangu Amerika Kusini, nchi hii nimeingia mwaka 2014 tu, lakini nilivyokirimiwa! Kila anayeanza bustani, Mbagala hadi Bunju, cha kwanza kunipandia ni nyanya. Ananunua mbegu chotara, bomba la kupulizia na dawa ambayo ukoo wetu umeshaizoea, kisha anapiga picha. Wanangu wanajichimbia ndani ya jani, wanakula kwa raha zao, dawa imebaki nje. Baada ya miezi mitatu mwenyewe anatangaza kuwa kulima hakuandikiwa. Naomba asije akagundua vinginevyo.

NDOO: Marahaba. Hakuandikiwa, au alichagua vibaya? Kulima hujifunzwa kwa kukosea, na kila zao lina muda wake wa kumwonyesha mtu kosa lake. Nyanya huchukua miezi mitatu au zaidi tangu mbegu hadi tunda kuiva. Mpaka hapo kosa la maji limeshachanganyika na la mbolea, la kivuli na la kwako wewe, hajui lipi lilimwangusha. Mchicha hung'olewa wiki ya tatu au ya nne. Aliyemwaga mbegu kwa pupa ataona miche imesongamana; mwezi ujao atazichanganya na mchanga kwanza. Aliyetia samadi mbichi ya kuku ataona miche imeungua. Mwezi ujao ataiacha ioze. Wa nyanya akipata jibu moja lisiloeleweka, wa mchicha keshapata matatu yanayoeleweka. Matembele ndiyo mepesi kabisa: kata rando, fukia pingili mbili, mwagilia.

KANTANGAZE: Mchicha, bibi? Si unapitishwa mlangoni kila asubuhi kwa bei ya kutupa? Na mchanga huu, na maji haya ya mgao, na uwanja wenyewe wa kugombea na kamba za nguo!

NDOO: La bei nalikubali nusu. Anayetafuta utajiri, ndoo mbili hazitampa. Ila urahisi huo huo ndio unaomfaa anayeanza, maana mchicha ukimfia hasara yake haimuumi. Tena baadhi ya mboga za mjini humwagiliwa maji ya mto Msimbazi, na watafiti wamekuta metali nzito ndani ya mboga za bonde lile. Uliopanda mwenyewe unajua umenyweshwa nini. Mchanga kosa lake ni kutoshika kitu: maji hupita, urea nayo huyeyuka ikayafuata chini, mbali na mizizi. Ndiyo maana kuongeza urea hakusaidii, na samadi iliyooza husaidia. Nijaze mimi udongo uliochanganywa na samadi hiyo, na tundu langu la kitako liachwe hivyo hivyo, mizizi isilowe ikaoza. Maji ya kuoshea mchele yananitosha. Ama eneo, kanuni za mwaka 1992 zilimwekea mkulima wa mjini ukomo wa ekari 3. Mpangaji mwenye ndoo tatu na awe na amani, bado hajaufikia.

KANTANGAZE: Kwa hiyo nyanya asipande tena? Utatuua njaa.

NDOO: Atapanda, akishavuna mchicha mara kadhaa. Wakati huo atakuwa na mazoea ya kugeuza jani kila asubuhi, na akiona vijia vya wanao atalichuma alifukie kabla hawajaenea. Hatakushinda kabisa, lakini atakula nyanya. Wewe usihofu njaa, mjukuu wangu: wanaokimbilia nyanya kwanza hawatakwisha mjini humu.

KANTANGAZE: Na hao wengine waanze lini?

NDOO: Vuli huanza Oktoba. Marando hayauzwi dukani. Mwenye haja amwombe jirani.