Mwongozo wa Kuhamia Tanga kwa Aliyechoshwa na Foleni

Hatua ya kwanza ya kuhamia Tanga ni kuacha kuwaambia watu kwamba unakimbia foleni ya Dar es Salaam. Foleni inatosha kumfanya mtu ahame mtaa, au aamke saa kumi alfajiri. Kuhama jiji kunataka sababu nzito zaidi. Aliyekimbia foleni tu atafurahi wiki ya kwanza kwa kutoka Raskazone hadi Ngamiani kwa bajaji kabla hajamaliza kuzungumza na simu. Wiki ya pili ataanza kuuliza mbona mji unalala mapema. Ya tatu utamkuta stendi ya Kange, anauliza basi la kurudi.

Tanga ni jiji kwa hadhi, lakini sensa ya 2022 iliwakuta humo watu wasiofika 400,000, wakati Dar walishapita milioni 5. Maana yake kwako ni moja: utajulikana. Dar unaweza kupanga Sinza miaka na jirani asilijue jina lako. Tanga, siku unayoteremsha vitanda, mama wa nyumba ya pili atajua una watoto wangapi, na kabla ya magharibi muuza genge atajua umetokea wapi. Jiandae kwa maswali matatu: umetokea wapi, kwenu hasa ni wapi, na hapa umefikia kwa nani. La mwisho ndilo zito. Ukijibu kwamba huna mtu, utapewa mtu. Mzee mmoja wa barazani atajitwika jukumu la kukufahamu, na tangu siku hiyo ukipita bila kusalimu, anayeaibika ni yeye.

Kwa hiyo jifunze kusalimu upya. Shikamoo haitupwi ukiwa juu ya bodaboda. Unasimama, unaitikiwa marahaba, unaulizwa watoto, unaulizwa kazi, unaulizwa wazee uliowaacha, ndipo unaruhusiwa kwenda zako. Ukiona inakuchelewesha kazini, toka nyumbani mapema. Na wewe mwanamume ukisikia unaitwa mgosi, itika.

Halafu kuna misiba. Usihamie mji mdogo kama hujawa tayari kuzika watu usiowafahamu sana. Hodi ikipigwa saa tano usiku kwamba mzee wa nyumba ya pembeni amefariki, utakwenda, utakaa mkekani, utatoa ulichojaliwa, na kesho utafuata jeneza. Hakuna anayeandika mahudhurio, lakini watu wanakumbuka. Siku mwanao akishikwa na homa usiku wa manane na huna usafiri, waliokuona mkekani ndio watakaokuja na gari. Kwangu mimi huu ndio utajiri mkubwa wa mji kama Tanga, na huniuma kumwona mtu anapandisha ukuta mrefu huko Sahare, anafunga geti, kisha analalamika kwamba watu wa huku hawana ushirikiano.

Swali linalofuata ni la riziki, na hapa naomba usikilize vizuri kuliko pote. Usiulize tu kodi ya nyumba ni kiasi gani. Uliza mji wenyewe unakula nini. Tanga ilikula mkonge. Miche ililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, nyingi zikipitia bandari ya Tanga. Baadaye nyuzi za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa na kukosa matunzo, na miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 40,000. Jiji kubwa likivunjika mguu mmoja linabaki na mingine. Jiji dogo likivunjika mguu huo huo, kinyozi anakosa vichwa, mwenye daladala anakosa abiria, na mama wa chapati anarudi na hotpoti imejaa.

Leo wengi wanahama kwa sababu ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, hapa hapa Tanga. Hamia ukitaka, ila kumbuka kwamba kulaza bomba kunahitaji mikono mingi na kulilinda kunahitaji michache. Kama biashara yako ni kuwapikia wajenzi, panga mapema utampikia nani wakiondoka. Mimi ningewatazama kwanza waliokuwepo kabla ya bomba: wafugaji wadogo wanaopeleka maziwa kiwanda cha Tanga Fresh, wachuuzi wa machungwa ya Muheza ambayo huvuka mpaka hadi Kenya, wavuvi na wauza samaki. Kaa nao wiki nzima ujue nani anamkopesha nani, maana katika mji mdogo daftari la madeni ndilo benki ya mtaa, na jina likichafuka Makorora, Chumbageni wanajua kabla ya Isha.

Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani asihame kabla hajafika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, akauliza daktari anayemhitaji kama yupo na siku gani. Muhimbili iko mbali, zaidi ya kilomita 300 kupitia Segera na Chalinze, na safari hiyo ya kwenda hospitali mnayoijua ni ngumu zaidi mkiwa na mtu aliyelala kiti cha nyuma.

Usije kupeleleza mji wakati wa sikukuu, ndugu wote wamerudi na muziki uko kila kona. Njoo Aprili, masika imepamba moto, barabara za ndani zina matope na kuta zinatoka jasho. Ukipapenda wakati huo, panga chumba, lipa miezi mitatu, peleka barua yako ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa. Kiwanja kisubiri. Ardhi nyingi pembeni mwa jiji inapakana na mashamba ya zamani ya mkonge, na dalali atakayekuonyesha mpaka kwa kidole hana habari na ramani. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji, kisha mwulize na yule mzee wa barazani aliyejitwika kukufahamu.