Mianzi ya Mwenye Nyumba

Kuna watu ukiwalalamikia hawakupi pole, wanakupa ushauri. Na hapa Juba ushauri wa siku hizi ni mmoja tu: panda mianzi. Useme vumbi limekuzidi, mianzi italizuia. Useme jua linakuunguza, mianzi italeta kivuli. Ukisema jirani anakuchungulia, hapo ndipo umewapa riziki. Wanavuta kiti, wanaagiza chai ya pili kwa hesabu yako, na mhadhara unaanza.

Mimi kesi yangu ni ya kuchunguliwa.

Aliyewahi kuishi Juba anajua kwamba nyumba hapa ni mahali pa kutunzia masanduku. Maisha yenyewe yako uani. Kuanzia Januari mpaka mvua zikubali kuja, bati linakunywa jua mchana kutwa na usiku linakutemea lote usoni. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu joto lilikuwa linaelekea nyuzi 45. Sasa kama mtoto alikatazwa kukaa darasani, mimi mtu mzima nijifungie chumbani nimemkosea nani? Kitanda kinatoka nje, chandarua kinafungwa kwenye tawi la mwembe, na baba wa familia anajilaza na fulana yake ya ndani, ile yenye matundu ya heshima. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani mpaka jirani wa upande wa magharibi alipojenga ghorofa. Ghorofa yenyewe ni moja, lakini ina roshani, na roshani ile, katika mji wenye mto Nile na mlima Jebel Kujur wa kutazama, imeamua kutazama kitanda changu.

Jirani si mtu mbaya. Ubaya wake ni kwamba ni mwema mno. Asubuhi ananisalimia kutoka juu na kuniuliza kulikoni, mbona jana niligeukageuka sana. Ameshanishauri nilalie ubavu wa kulia, eti kukoroma kutapungua. Mama watoto amekoma kutoka nje kabla ya giza kuingia vizuri, na mimi nimeanza kulala nimevaa shati, nyuzi thelathini na kitu usiku wa manane, kwa ajili ya mtu ambaye hata kodi hanilipii.

Nilimwomba kistaarabu. "Jirani, huwezi kutundika pazia hapo juu?" Akanijibu kwa huruma kabisa: "Ndugu yangu, pazia litazuia upepo." Ndipo nikaelewa kwamba naye analala nje, juu kule, na fulana yake. Tangu hapo huwa namtazama na mimi. Haijasaidia.

Basi nikayapeleka malalamiko ofisini, na mwenzangu Mkenya akanipokea kwa neno lile lile. Mianzi! Kwao, anasema, watafiti wa misitu wa KEFRI pale Muguga wameijaribu mianzi ya Asia kwa miaka mingi, na mwaka 2020 serikali yao ikaitangaza mianzi kuwa zao la biashara kabisa, na mahindi yasogee. Anaeleza kwa mikono miwili, utadhani ana ekari kumi. Yeye mwenyewe analala kwenye kontena la kampuni, lenye kiyoyozi, nyuma ya ukuta wa zege na nyaya zenye miiba. Hakuna wa kumchungulia hata akitaka.

Cha kuudhi ni kwamba ua wangu tayari ni wa mianzi, isipokuwa iliyokufa. Nenda Gudele, nenda Munuki, nenda Gumbo ng'ambo ya mto: nyumba kwa nyumba, ua ni mianzi iliyopasuliwa, ikasukwa, ikafungwa kwa waya na kusimamishwa. Unapendeza ukiwa mpya. Una kasoro mbili tu: haufiki usawa wa roshani, na ni chakula. Mchwa wa Juba wanauanzia chini, taratibu, bila kelele, nawe kwa mbali unaona ua umesimama imara kumbe umeshikiliwa na mazoea. Ukimaliza kuziba upande wa lango, upande wa choo umeshakuwa unga. Unarudi sokoni kununua mafungu mengine, na muuzaji anakupokea kwa furaha, maana mchwa ndio mawakala wake wa mauzo.

Kwa hiyo wazo la mianzi iliyo hai si la kipumbavu. Hilo nalikubali, ingawa linaniuma. Nililichunguza, maana mtu mwenye hasira husoma sana.

Mianzi ina tabia mbili. Kuna inayotambaa, ambayo mashina yake ya ardhini yanakimbia chini kwa chini na kuchomoza yanapotaka, kwenye kibanda cha kuku au katikati ya sebule ya jirani. Mingi ya namna hiyo imetoka China na Japani, sehemu zenye baridi. Halafu kuna inayokaa kichaka kimoja, chipukizi linatoka ubavuni mwa mama yake na kichaka kinanenepa polepole bila kwenda kutembea. Ya ua ni hii ya pili. Iliyo maarufu kwa kazi hiyo inaitwa Bambusa multiplex, asili yake ni kusini mwa China na Vietnam huko, inafika meta tatu mpaka saba, inafungamana vizuri. Meta saba! Nilianza kumwona jirani akisalimia majani.

Na kuna ya hapa hapa. Sudan Kusini ina mwanzi wake wa nyanda za chini, Oxytenanthera abyssinica, unaoota porini bila kuombwa, mgumu, shina lake limejaa badala ya kuwa bomba tupu, na wenyewe pia unakaa kichaka. Huo ndio ndugu wa mwanzi wetu wa kugemea pombe ya ulanzi kule kwetu Tanzania, Iringa na Njombe. Niliposoma hapo moyo ulinilainika kidogo. Nikasema sasa nimepata, mwanzi wa nyumbani, uliozoea ukame, usiodai chochote. Kisha nikasoma mstari unaofuata: kiangazi kikiwa kikali, hupukutisha majani. Yaani miezi ile ile ninayolala nje, ua wangu nao unavua nguo. Tutakuwa uchi wawili.

Kuna tatizo jingine la mwanzi huu, ambalo mama watoto alilitaja kabla mimi sijathubutu. "Baba, ukipanda huo wa kwetu, nani atakuzuia kuugema?" Swali la haki. Mtu aliyekulia Iringa akiona chipukizi la mwanzi mvua zimekolea, haoni faragha, anaona mbeta ya kukingia ulanzi. Mkono wenyewe unatafuta kisu. Unakata ncha, unatundika mbeta, asubuhi na jioni unaparuza kidogo, na mtogwa, ulanzi mbichi, unadondoka mtamu usio na neno. Ukiuacha uchachuke, kijiji kinajua. Ila chipukizi lililokatwa ncha halirefuki tena. Ua wa mtu wa Iringa ungebaki usawa wa kifua, na jirani angeshuka ghorofani mwenyewe, na kikombe.

Turudi basi kwa ule wa China, wa kijani mwaka mzima. Huo unataka maji, hasa mwaka wa kwanza kabla mizizi haijashika. Mimi maji yangu yanakuja kwa lori la tenki, yanapimwa kwa pipa, na bei yake inategemea mafuta, barabara na uso wa dereva siku hiyo. Upande mmoja wa kiwanja changu ni meta ishirini. Ukipanda mche kila meta moja, ni miche ishirini. Ukiupa kila mmoja ndoo ya lita 20, hayo ni mapipa mawili yamemwagwa chini kwa mwagilio mmoja. Katika nyumba ambayo mtoto akioga mara mbili tunafanya kikao! Nitasimama vipi mbele ya mama watoto na kopo mkononi, nikimweleza kwamba mmea umeshaoga, yeye asubiri lori?

Tuseme maji yamepatikana. Kuna mbuzi. Mbuzi wa Juba hana mwenye naye mpaka umgonge kwa pikipiki, hapo ndipo anatokea mwenyewe, wajomba zake na risiti. Majani ya mwanzi kwa mbuzi ni mboga. Kwa hiyo ukipanda ua wa mianzi hai, itabidi ujenge ua wa mianzi mikavu wa kuulinda, ambao mchwa wataula. Mlinzi wetu naye ameshatoa msimamo: kichaka kikiota, nyoka wataingia, na zamu ya usiku atafanyia barabarani. Tena mianzi ikikomaa inalia. Upepo ukipita mashina yanakwaruzana na kuguna. Mahali pengine hiyo ni sauti ya kubembeleza usingizi. Hapa, kitu kikiguna uani saa nane za usiku, nyumba nne zinawasha tochi.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni tabia moja ya mwanzi ambayo washauri wote huiruka. Mwanzi haukui kama mti. Chipukizi linatoka na unene wake wote, linapanda juu kwa miezi miwili mitatu ya mvua, na hapo basi. Halinenepi tena, halirefuki tena, mpaka kufa kwake. Wa mwaka unaofuata ndio wanaotoka warefu zaidi, na wa mwaka mwingine zaidi ya hao. Maana yake, mche unaoupanda wewe kwa jasho lako hautakufunika kamwe. Watakaokufunika ni wajukuu zake. Miaka mitatu mambo yakienda vizuri, mitano yakienda kama yanavyokwendaga.

Sasa mpangaji wa Juba na miaka mitano wapi na wapi? Mkataba wangu ni wa mwaka, kodi inatajwa kwa dola, na inadaiwa kabla mwezi haujapiga chafya. Hata hivyo nilikwenda kwa mwenye nyumba. Ni mzee mtaratibu, aliyeishi kambi ya Kakuma kule Turkana tangu ujana, akarudi na Kiswahili cha huko.

"Mzee, shikamoo. Nilitaka ruhusa ya kupanda mianzi upande ule."

"Panda tu, kijana yangu. Hiyo ni nyumba yako."

"Asante, mzee. Itachukua kama miaka mitano kufunga."

"Hakuna shida. Ikishakuwa kubwa, hii ploti itakuwa sawasawa. Watu wa maofisi wanapenda hiyo maneno ya majani."

"Na kodi, mzee?"

"Kodi tutaongea ikikua."

Nikamwelewa vizuri kabisa. Mimi ninunue miche iliyopanda lori Uganda na kupita Nimule, kilomita 192 za lami mpaka hapa. Mimi nichimbe, nitie samadi, nimwage mapipa, nipigane na mbuzi. Siku majani yatakapofika kwenye roshani ya jirani, nyumba itakuwa imepanda hadhi, na kodi itapanda juu ya mianzi yangu, na mimi nitakuwa nimehamia kwingine, chini ya ghorofa nyingine.

Sitaki kumsema vibaya yule mzee. Mji huu watu waliukimbia kwa sababu ya mapigano Desemba 2013, wakaukimbia tena Julai 2016, wengine na sufuria ikiwa motoni. Ukiishi hivyo, hesabu za miaka mitano zinakuwa maneno ya wageni. Na bado, ule mwembe ninaofungia chandarua aliupanda yeye, kwa mkono wake, mwaka aliorudi. Nilimwuliza kwa nini alipanda mwembe asipande mianzi, ingeshakuwa ukuta sasa hivi. Akacheka. Mwembe, akasema, unakula.

Basi uamuzi wangu ni huu, na wenzangu wa chai ya bure wausikie. Kama kiwanja ni chako na hati unayo, panda, tena usichelewe. Chimba mashimo Machi, mvua za Aprili zikukute tayari. Usinunue kwa jina, maana kila muuzaji ana jina lake. Mwambie akutolee mche kwenye mfuko uone. Vichipukizi vikiwa vimebanana shinani, chukua. Ukiona mzizi mnene umenyooka kwenda pembeni kutafuta maisha, mrudishie. Ukikata mashina ya zamani, kata juu tu ya kifundo, la sivyo kisiki kitakinga maji ya mvua na utakuwa unafuga mbu kwa zamu. Na ujue kwamba mwanzi wa hapa, baada ya miaka mingi, huchanua kwa pamoja na kufa kwa pamoja, hivyo wajukuu zako waachie na pesa za matofali.

Wapangaji wenzangu, sisi tununue turubai. Linafunga siku hiyo hiyo, mbuzi halili, na mkataba ukiisha unalikunja unaondoka nalo.