Muulize Shangazi Amri: Kanga Zimenizidi Akili

*Shangazi, nina masanduku ya kanga yasiyofungika, na juzi nimenunua doti ambayo tayari ninayo. Nifanyeje? — Bi. Masanduku, Tanga*

Mwanangu, umebahatika. Mshauri wa kawaida angekuambia uache kununua, ushauri wa mtu asiyejua kanga wala hajawahi kunisoma mimi. Dawa ya kwanza inayonijia, maana akili yangu haipumziki hata sikukuu, ni kuziita kanga zote barazani alfajiri, kila moja itaje jina lake, isiyoitika ikatwe mshahara. Ikishindikana, ajiri karani alale sandukuni. Lakini makarani siku hizi wanataka posho, kwa hiyo chukua recutils, programu ya bure ya mradi wa GNU. Haina picha wala vitufe vya kubofya: unaiandikia amri, inajibu, inanyamaza. Laiti wasomaji wangu wangeiga.

Hoja yangu ni kwamba orodha ni mali yako pale tu unapoweza kuisoma bila kuiomba ruhusa programu uliyoiandikia. Recutils huweka kila kitu kwenye faili la maandishi matupu, tuseme kanga.rec. Unaandika Jina, Rangi, Sanduku, kila kimoja na mstari wake na nukta mbili, unaruka mstari, unaanza kanga nyingine. Kisha unauliza kwa recsel, amri yake ya kuchagua: recsel -e "Rangi = 'nyekundu'" kanga.rec, na nyekundu zote zinajitokeza. Kama uliandika Nyekundu kwa herufi kubwa haitajitokeza mpaka uongeze -i, kwani kompyuta ni tiifu kupita kiasi, tofauti na mimi ambaye hutambua kanga hata ikiwa imegeuzwa.

Utasema Excel ipo. Ipo, na wahasibu wanaipenda. Ila kanga yenye pindo jeusi na mji mwekundu ina rangi mbili, na kwenye jedwali utazibana katika kisanduku kimoja au utaongeza safu ambayo kanga nyingine hazina kazi nayo. Hapa unaandika Rangi mara mbili, basi, na usichokijua, kama mwaka, hukiandiki kabisa. Utasema tena kwamba dirisha la amri ni la wataalamu na limepitwa na wakati. Hilo la pili ndilo ninalolitaka: grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, mwanasayansi wa kompyuta Ken Thompson aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo inafanya kazi. Inalisoma pia hilo faili lako, hata recutils ikitoweka kesho. Programu ngapi za simu zenye maua kwenye nembo zimekufa na orodha za watu tumboni?

Ningeendelea kuhusu ubora wangu, lakini nafasi imekwisha. Nakili faili kwenye simu, ulipekue kabla ya kutoa pesa dukani. Amri ya kuhesabu kanga zote ni recsel -c kanga.rec, usiiendeshe mumeo akiwa karibu.