Simba Asomwe Mwisho

Mkusanyaji wa tabakero za kale za fedha, hasa zile za Waingereza, ana tabia moja ya ajabu: akipewa kikasha, hakitazami. Hukipindua chali kama kuku anayekaguliwa mnadani, akabana lenzi jichoni na kuanza kumsaka simba miongoni mwa mihuri midogo iliyopigwa kwenye fedha. Simba anayetembea ni ushahidi kwamba sehemu 925 katika kila 1000 ni fedha halisi. Nanga humwambia kuwa kikasha kilipimwa Birmingham. Uso wa chui humpeleka London, ingawa chui huyo, kwa macho yangu, ni simba mwingine tu. Alivaa taji mpaka 1821, kisha akavuliwa. Herufi hutaja mwaka, na kichwa cha mfalme au malkia, kilichopigwa kuanzia 1784 hadi 1890, huonyesha kwamba kodi ililipwa. Simba akishaonekana, pochi imeshafunguka. Mimi nasema huko ni kuanzia mkiani. Swali la kwanza linahusu ugoro: je, kitu hiki kingekaa siku nzima katika mfuko wa kizibao cha bwana fulani bila kummwagia vumbi la tumbaku?

Ugoro ni unga mlaini, hauna subira na mwanya. Ndiyo maana masonara wa Birmingham waliifinyanga bawaba ikazama ndani ya ukingo wa kikasha, kifuniko kikakaa pasipo kupitisha hata pumzi, na ndani wakapaka dhahabu ili unga usiichafue fedha. Mwenye kulijua hilo hanunui kiberiti akidhani ni tabakero. Lakini vinanunuliwa! Vikasha vya njiti za kiberiti vya enzi ya Victoria vina mikwaruzo ya kuwashia chini kabisa, na bado kuna anayeipapasa mikwaruzo hiyo na kuisifu kuwa ni nakshi. Kuna pia vikasha vya manukato, vidogo, ambavyo ndani vina kichujio chenye matundu kilichofunika sponji iliyoloweshwa siki yenye harufu nzuri, ili bibi anuse pale mtaa unaponuka vibaya. Kichujio kikinyofolewa, kikasha hupanda cheo na kuitwa tabakero ndogo. Herufi za fundi hazisaidii hapa: Nathaniel Mills wa Birmingham, bingwa wa vifuniko vyenye picha za makasri kama Windsor, alitengeneza aina zote mbili. Kinachosema kweli ni visiki vya bawaba ya kichujio vilivyobaki ndani, ambavyo aliyeshughulika na simba hakuviona.

Nitaambiwa kwamba mihuri hii ni sheria, tena sheria nzee; uso wa chui ulianza kutakiwa Uingereza tangu 1300, basi mimi ni nani wa kuutilia shaka? Siutilii shaka. Nauliza tu unashuhudia nini. Mhuri hushuhudia madini siku yalipopimwa, hausemi lolote kuhusu mikono iliyokipitia kikasha baadaye. Kifuniko cha mwaka mmoja kimeolewa na kikasha cha mwaka mwingine, na ndoa hiyo hufichuka pale tu mtu anapokumbuka kutafuta alama pande zote mbili. Kipande chenye mihuri hukatwa kwenye kijiko kilichovunjika na kuchomekwa kwenye kitu kikubwa chenye bei. Hata herufi, shahidi anayependwa kuliko wote, ina majibu mengi: A ya London ilipigwa 1776, 1796, 1816 na 1836, ile ya Birmingham ikapigwa 1773, 1798, 1824 na 1849. Kinachozitenganisha ni umbo la herufi na la ngao yake, yaani vitu vile vile ambavyo mwenye tabakero amevisugua kila Jumamosi kwa dawa ya kung'arishia mpaka simba amebaki tumbo. Halafu analalamika kwamba kikasha chake hakitambuliki.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba bawaba nayo hubadilishwa, kwa hiyo kuitegemea ni kuhamisha ujinga kutoka chini ya kikasha hadi ubavuni. Ni kweli hubadilishwa. Lakini fundi wa viraka huacha nyayo: lehemu ya risasi hubaki na rangi ya kijivu juu ya fedha, na moto wake huiharibu dhahabu ya ndani karibu na kiungo. Muhuri wa uongo unahitaji chapa ya chuma na pigo la nyundo. Bawaba inayojifunga kimya, isiyopitisha ugoro, inahitaji mikono ya sonara hodari, na mwenye mikono hiyo kwa kawaida ana foleni ya wateja halali wanaomdai kazi zao.