Korongo na Sheria ya Uzururaji

Wanyama wa Bondeni walikuwa na makosa matatu tu: kuiba, kuua na kuchafua kisima. Wazee wa baraza waliona aibu. Kijiji jirani kilikuwa na mahabusu ya mawe yenye mlango wa chuma. Wao hata banda la kufungia mtu hawakuwa nalo.

Ndipo Korongo mweupe, mgeni kutoka Ulaya, akawafungulia kitabu. "Liko kosa moja," alisema, "halihitaji mlalamikaji, halihitaji shahidi, wala si lazima kitu kipotee. Ni uzururaji. Waingereza waliliandikia sheria mwaka 1824, maskini na askari waliotoka vitani walipojaa barabarani bila kazi wala makazi."

Korongo huyo, msomaji wangu, huvuka maelfu ya kilomita kila mwaka kuikimbia baridi ya kwao, akashinda mbugani kwetu miezi kadhaa, kisha akaondoka bila kumweleza mtu shughuli iliyomleta. Hakuna aliyemuuliza. Safari yake iliitwa ziara.

Sheria ikapita, na mahabusu ikajengwa. Fisi akavishwa kofia ya mgambo na kuahidiwa mfupa mmoja kwa kila mzururaji.

Alfajiri alimkuta Kobe njiani.

"Unakwenda wapi?"

"Natembea tu, afande."

"Shughuli yako nini?"

"Ndiyo ninayoitafuta."

"Kumbe unakiri!" Kobe akabebwa mgongo chini, miguu juu.

Usiku akamkamata Komba. Tangu dunia iumbwe komba hutafuta riziki gizani, lakini daftari liliuliza jambo moja tu: mwanamke anafanya nini nje saa nne usiku? Paka dume waliokuwa njia hiyohiyo ndio waliotoa ushahidi. Kinyonga naye aliingizwa ndani kwa sababu sura yake haikulingana na kitambulisho. Mzee Simba, ambaye huweza kulala hata saa 20 kwa siku, aliandikwa kwamba anatafakari usalama wa kijiji, na Fisi alipopita chini ya mti wake alinyata asije akamwamsha.

Miezi ikapita, wanyonge wakajifunza kutotembea. Mifupa ikaadimika. Fisi akapeleka ombi barazani, nalo likakubaliwa siku hiyohiyo: mzururaji ni pia aliyesimama, aliyekaa bila kiti chake, na anayekimbia amwonapo mgambo. Asiyekimbia naye akamatwe kwa ujeuri. Msako uliofuata ulijaza mikokoteni mitatu, na waliokamatwa wakapelekwa kulima mashamba ya wazee mpaka kesi zao zisikilizwe. Waliokuwapo Dar es Salaam mwaka 1983 hawahitaji kuelezwa zaidi. Msako wa Nguvu Kazi wanaukumbuka.

Ngiri peke yake ndiye aliyethubutu kusimama barazani. "Wazee wangu, shikamooni. Wizi umepungua?"

Daftari likafunguliwa. Wizi ulikuwa uleule. Kisima kilikuwa kimechafuliwa mara mbili, na mara zote mbili Fisi alikuwa kwenye msako.

"Lakini tazama mahabusu ilivyofurika," alijibu Mwenyekiti. "Bila sheria hii tungejuaje kwamba tunaishi na wahalifu wengi hivi?" Baraza likapiga makofi. Ngiri akaulizwa mwenyewe ana shughuli gani, na kwa kuwa alikawia kujibu, jioni alilala pamoja na Kobe.

Kisha Njiwa akaleta habari kutoka Arusha. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni, kwa ombi la chama cha wanasheria wa bara zima, kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki hizo: zinamhukumu mtu kwa hali yake, zinawaonea maskini, na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Baraza lilipokea habari hizo kwa heshima zote na kuunda kamati. Uenyekiti alipewa Korongo, maana ndiye anayekijua kitabu. Yeye alikuwa ameshaondoka kwenda Ulaya, kwa hiyo kamati haijakaa hata mara moja. Fisi yuko kazini, na sasa kwa kila mzururaji analipwa mifupa miwili.