Namna ya Kumtoa Msanii wa Buhongwa bila Kumpakia Basi la Dar

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye harusi, mwenye baa, mwenye kipindi redioni, mwenyekiti wa mtaa, na wewe mjomba ambaye kila ukimwona mpwa wako na gitaa unamwambia, "Dogo, komaa, utatoboa!" Dogo ameshakomaa. Anaimba Buhongwa, pembezoni mwa Mwanza, tangu darasa la sita, mwenzake anarap Kishiri, na Sangabuye kuna binti mwenye sauti ya kusimamisha bajaji iliyojaa abiria. Kipaji kipo na bidii ipo. Wanakwama kwa sababu sisi mashabiki wao tunawapenda kwa mdomo huku mifuko tumeifunga zipu.

Hatua ya kwanza, basi, fungua zipu.

Chukua daftari la kamati ya harusi. Ukumbi umo, mapambo yamo, keki imo, ndafu imo, MC na suti yake wamo, hata mpiga picha wa droni ana mstari wake. Halafu saa 4 usiku kijana wa mtaani anaitwa aimbe nyimbo tatu "ili ajitangaze". Huyo kijana ametoka Kishiri kwa nauli yake, biti ameilipia mwenyewe studio, na akishuka jukwaani daladala zimeshalala. Ongeza mstari mmoja tu: msanii. Andika kiasi mlichopatana, mpe nusu siku ya makubaliano na nusu nyingine kabla hajashika maiki. Nasisitiza kabla, maana harusi ikiisha simu ya mweka hazina huwa haipatikani. Bajeti ikibana, punguzeni ghorofa moja ya keki. Bibi harusi ataolewa vilevile. Na kumtuza msanii noti akiwa anaimba ni desturi nzuri, iendelee, lakini tuzo ni furaha yako wewe. Malipo ni haki yake.

Hatua ya pili, muache aimbe lugha anayoiota. Pembezoni mwa Mwanza wamekutana Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wazinza, Wakurya na Wajaluo, watu waliofuata samaki, viwanda na viwanja vya bei nafuu. Mtoto wa huko anaweza kuingia shule na lugha mbili au tatu mdomoni, kisha akifika studio anaambiwa abaki na moja "ili soko limuelewe". Soko lipi hilo? Saida Karoli wa Bukoba alitoka na albamu ya Chambua Kama Karanga mwaka 2001, akaimba Kihaya, na nchi nzima ikacheza "Maria Salome", wengi wakiwa hawajui hata neno moja la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa jina la "Salome", na vijana waliokuwa watoto wachanga 2001 wakaucheza tena. Bhudagala naye anaimba Kisukuma, na Kanda ya Ziwa haimwombi mkalimani. Kwa hiyo prodyuza, binti wa Kijita akikuletea wimbo wa Kijita, mtengenezee biti na umuachie maneno yake.

Kuhusu Dar. Dar ni jiji zuri, na msanii aende akaonyeshe alichonacho, lakini aende akiwa na kwao pa kurudi kufanya shoo. Sangara wetu tumewauza namna moja kwa miaka: minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki. Wasanii tumekuwa tukiwasafirisha vivyo hivyo, kisha tunalipa kiingilio Uwanja wa CCM Kirumba kuwaona wakirudi kama wageni. Tuwalipie wakiwa bado majirani.

Hatua ya tatu haina shangwe na ndiyo inayookoa watu: makaratasi. Wewe mwenye gari, mwenye kompyuta, au mwenye uvumilivu tu wa kujaza fomu, kaa na msanii wako mkamilishe usajili wa Baraza la Sanaa (BASATA) na wa ofisi ya hakimiliki (COSOTA). Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake wimbo uliorekodiwa leo Igoma unaweza kumlisha mjukuu ambaye hajazaliwa. Lakini lazima ijulikane nani kautunga. Kwa hiyo siku ile ile ya kurekodi, andikeni kwenye karatasi nani kaandika mashairi, nani katengeneza biti, nani kaimba kiitikio, na kila mmoja atapata asilimia ngapi. Tieni sahihi mkiwa bado mnacheka pamoja. Na wewe mwenye baa, lipia leseni ya muziki unaoupiga.

Watangazaji, Radio Free Africa inarusha kutoka Mwanza na kusikika mbali. Pigeni wimbo wa chipukizi wakati watu wako macho, na mtaje jina lake na mtaa wake. Waongozaji wa video, Jiwe la Bismarck tumeliona. Nendeni Igombe.

Sasa jukwaa, na hapa hatuna haja ya kuagiza mtaalamu, kwani Wasukuma walishalijibu swali la jukwaa zamani. Ngika na Gumha walishindana kwa ngoma katika karne ya 19, na wafuasi wao, Bagika na Bagalu, wanashindana hadi leo. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hukutana kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, ambako Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna meza ya majaji wala kura za meseji. Ndiyo maana ngoma zile zina majembe yanayorushwa hewani na chatu hai mabegani: mchezaji akizubaa, watu wanahamia kwa jirani.

Tufanye hivyo na chipukizi wetu. Ombeni uwanja wa shule, pateni kibali cha serikali ya mtaa na cha afisa utamaduni, wekeni spika mbili zikitazamana, Buhongwa huku, Kishiri kule. Iwe Jumamosi moja kila mwezi. Muanze saa 10 jioni na kumaliza saa 2 usiku, ili mama zao waje, majirani walale, na wasichana warudi nyumbani kwa gari mliloliweka kwenye bajeti. Kiingilio kiwe cha bei ya soda. Muziki ukiisha, hesabuni mapato ya mlangoni mbele ya wasanii wote, mgawane hapo hapo, kisha mtangaze kwa maiki jozi ya mwezi unaofuata: Nyakato na Kisesa.